Ametambulishwa Kwangu na Jescah Khalayi

Mwaka wa 1968 Jescah Khalayi alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wakili Lazarus Mukhwana, juu ya duka la vitambaa mjini Kakamega. Vyumba vilikuwa viwili. Cha nje kilikuwa chake, na benchi la wateja. Cha ndani kilikuwa cha wakili, na meza, kabati la chuma na muhuri.

Bwana Lazarus alikuwa kijana bado. Alikuwa amesomea sheria Dar es Salaam, na mbali na kesi alikuwa na mamlaka ya kuapisha watu na kuthibitisha hati. Kazi hiyo aliiheshimu kupita kiasi. Hakukubali kuthibitisha saini ya mtu aliyebaki nyumbani, hata awe mgonjwa, hata awe mkubwa wa serikali. "Nikiandika kwamba mtu alifika mbele yangu," alimwambia Jescah siku ya kwanza, "basi alifika. Cheti hakina kitu kingine ndani yake. Ni neno langu tu."

Maneno ya cheti hicho vidole vya Jescah viliyajua vizuri. Hati yenyewe ilikuwa kwa Kiingereza, lakini wakili aliwasomea wateja kwa Kiswahili: kwamba fulani alifika mbele yangu leo, akatambulishwa kwangu na fulani, akakiri kwamba alama hii ya kidole ni yake, na kwamba ameitia kwa hiari yake akiwa ameelewa yaliyoandikwa. Pale palipohitaji jina la mtambulishaji Jescah aliacha nafasi, likajazwa kwa kalamu.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, mume wake Chrispinus alipanda ngazi za ofisi akiwa na mwanamke wa makamo, amejifunga leso hadi kwenye nyusi. Jescah alidhani amekuja kumpa ufunguo wa nyumba. Lakini Chrispinus hakusimama mezani pake. Alisema tu, "Tuna miadi na wakili," na wakaingia ndani.

Baada ya dakika chache Bwana Lazarus alifungua mlango, akamwita Jescah kwa jina la mtoto wake.

"Mama Khisa, ingia kidogo. Bwana wako hakuniambia kwamba ni wewe utakayetambulisha."

Jescah aliingia. Mezani palikuwa na hati ya uwakilishi, ambayo Chrispinus alikuwa ameiandikisha mahali pengine. Ilisema kwamba Nabwire, mjane wa Navakholo, mwenye shamba la ekari sita, amempa mwanawe Chrispinus uwezo wote wa kuliuza, kuliweka rehani au kulifanyia lolote kwa niaba yake. Mwanamke wa leso alikuwa ameketi mbele yake, mikono mapajani.

"Sheria inataka mtu ninayemjua na kumwamini aniambie huyu ni nani," wakili alisema. "Hapa sina mtu ninayemwamini kuliko wewe. Unamjua mama huyu?"

Jescah alimtazama. Alikuwa amemwona mara mbili tatu katika soko la Lubao, akiuza kamba za ng'ombe. Jina lake lilikuwa Roda. Hakuwa Nabwire. Nabwire alikuwa Navakholo wakati huo, pengine analima, pengine anamlisha Khisa, mtoto wa Jescah wa mwaka mmoja na nusu, ambaye alikuwa akimlea ili mama yake apate kufanya kazi mjini.

Alimtazama Chrispinus. Chrispinus aliangalia sakafu. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Baadaye Jescah alijiuliza mara nyingi kama muda ule ulikuwa mrefu au mfupi. Alichokumbuka ni kwamba mawazo yake hayakufika kwenye shamba hata kidogo. Yalifika kwenye pingu. Alijiona akisema hapana, wakili akiita askari, na mumewe akishushwa ngazi mbele ya wateja wa duka la vitambaa.

"Ni mama mkwe wangu," alisema. "Ndiye Nabwire."

"Vizuri." Bwana Lazarus alichukua kalamu, akaandika jina la Jescah Khalayi katika ile nafasi, kisha akamgeuzia karatasi atie saini. Roda akaweka kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya hati. Wakili akamsomea yote kwa Kiswahili pole pole, akamuuliza kama ameelewa na kama hakuna aliyemlazimisha. Roda alijibu kwa sauti ndogo kwamba ameelewa. Muhuri ukagongwa.

Saa ya chakula Jescah alimkuta Chrispinus nyuma ya posta, anamsubiri.

"Nilijua utasema vizuri," alisema Chrispinus.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa." Hakusema kwa ukali. "Mama amezeeka. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, shamba ni langu tu, leo au kesho. Kiplagat wa Lubao, yule wa ng'ombe, anataka kulinunua. Mimi ninataka mashine ya kusaga. Mashine ikianza kazi ninanunua shamba kubwa zaidi Lugari, na mama ninamjengea huko. Nimemwambia mara ngapi? Kila mara ananijibu hapa ndipo alipozikwa baba."

"Na mimi je? Nimetia saini uongo mbele ya mtu anayeniamini."

Chrispinus alimshika mkono, na hilo lilimtisha kuliko kama angemfokea.

"Ndiyo maana lazima tunyamaze wote wawili. Mama Khisa, fikiria vizuri. Kwenye kile cheti nani ametambulisha? Sio mimi. Jina lililoko pale ni lako. Ukifungua mdomo ninafungwa, lakini wewe unatangulia."

Kuanzia siku hiyo alikuwa mume mzuri kuliko wakati wowote tangu waoane. Alirudi mapema kwenye chumba chao mtaani Amalemba, akaleta nyama, akasonga hata obusuma, ugali wa kwao, siku ambayo Jescah alichelewa kazini. Jescah alikula bila kusikia ladha. Kila wema ulikuwa kama komeo jingine linalopigwa mlangoni.

Jumamosi alikwenda Navakholo kumwona mtoto. Nabwire alikuwa shambani anaandaa ardhi kwa mahindi, maana mvua ilikuwa karibu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache. Mumewe alikuwa amefariki kabla mashamba hayajapimwa, na Chrispinus alikuwa kazini Jinja. Kamati ya wazee iliandika ardhi kwa jina la mjane kwa sababu ndiye aliyekuwapo, na yeye aliilinda namba ile ya shamba kama watu wengine wanavyolinda dhahabu. Ni yeye pia aliyeuza fahali wake ili Jescah akasomee taipu Kisumu, wakati Chrispinus alikuwa anasema mke wa mtu hahitaji kazi.

Walikaa kivulini nyuma ya jiko, Khisa katikati yao anachezea gunzi.

"Kuna mtu alikuja hapa juzi," Nabwire alisema. "Mtu wa ng'ombe. Alitembea kutoka mpaka ule mpaka huu akihesabu hatua. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema anaangalia tu, Chrispinus anajua."

Jescah alimwondolea mtoto gunzi mdomoni.

"Wewe unafanya kazi kwa wakili. Niambie. Mtu anaweza kuuza shamba langu mimi sijui?"

"Hawezi, mama," alisema Jescah. "Lazima ufike mwenyewe. Lazima utie kidole chako mwenyewe, na mtu anayekujua aseme ndiwe."

Nabwire alimtazama, akaitikia kwa kichwa. "Basi nimetulia," alisema, akainuka kurudi kwenye jembe lake. Jescah alibaki pale na mtoto. Kila neno alilosema lilikuwa kweli kama lilivyo katika sheria. Alijisikia kama mtu aliyemfungia mwenzake ndani ya nyumba inayoungua, kisha akamwambia mlango uko wazi.

Hati ilipaswa kupelekwa kwa msajili wa ardhi iandikishwe, na kazi ya kutuma hati ilikuwa ya Jescah. Aliiweka chini kabisa ya trei, chini ya kesi za mipaka na barua za mirathi. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili aliitoa, akaishika juu ya jiko la makaa walilochemshia chai, akairudisha. Kuichoma kusingesaidia. Daftari la wakili lilikuwa na tarehe, namba ya shamba, jina lake, na nakala ya kaboni ilikuwa kabatini. Alifikiria kuacha kazi na kurudi kwa wazazi wake, lakini jina lingebaki pale pale. Alifikiria kumwambia Bwana Lazarus, na kila asubuhi alipomwona akivua kofia na kumsalimu kwa furaha, aligeukia taipureta.

Jambo baya zaidi ni kwamba wakili alianza kumtumia. Mteja akija bila shahidi, akiwa ni mtu wa upande wa Navakholo, Bwana Lazarus aliita, "Jescah, unamjua huyu?" Aliowajua alisema anawajua. Asiowajua alisema hawajui. Lakini kila saini yake ya kweli ilifanana na ile moja ya uongo, na hakuna aliyeona tofauti.

Chrispinus alimuuliza kuhusu hati kila jioni. Mwishoni alikwenda kwa wakili mwenyewe, akalalamika kwa adabu kwamba bodi ya ardhi, ambayo bila idhini yake shamba haliuzwi, inakaa mwisho wa mwezi na hati bado. Bwana Lazarus akaifukua kutoka kwenye trei, akashangaa, akaipeleka kwa msajili kwa mkono wake. Hakumgombeza Jescah. "Umechoka," alimwambia. "Chukua siku moja ukapumzike." Hakuichukua.

Siku nne kabla ya bodi kukaa, Jescah alikuwa anapiga taipu aliposikia mtoto akilia kwenye ngazi. Nabwire aliingia na Khisa mgongoni, miguu yake ina vumbi hadi magotini.

"Yule mtu wa ng'ombe amerudi," alisema, hata kabla ya kuketi. "Amepiga vigingi. Nimeving'oa. Sasa ninataka wakili wako aniandikie karatasi ya kusema shamba la Nabwire haliuzwi."

Alitaja jina lake kwa sauti, na mlango wa ndani ulikuwa wazi. Bwana Lazarus alitoka na kalamu mkononi.

"Nabwire yupi?"

"Wa Navakholo," alisema mama. "Mama ya Chrispinus. Huyu ni mke wa mwanangu."

Wakili alimgeukia Jescah. Hakuuliza. Jescah aliweka mikono mapajani na kusema, "Ndiye huyu, Bwana. Yule mwingine nilidanganya."

Bwana Lazarus alifunga mlango wa nje kwa funguo, akawaingiza ndani wote watatu, akamtaka Jescah aseme yote. Alisema yote, bila kulia. Alisema kwa Kiswahili ili Nabwire naye asikie. Alipofika mahali pale pa kivulini nyuma ya jiko, mama mkwe aligeuza uso kwenye dirisha.

Wakili alifungua na kufunga kifuniko cha kalamu. Alikuwa na miaka mitatu tu katika kazi.

"Nimeandika kwamba niliridhika," alisema hatimaye, kana kwamba anaongea peke yake. "Hata shahidi wa pili sikumtafuta. Nilikuuliza wewe tu."

Kisha akavuta karatasi. Alieleza kwamba iko njia. Aliyetoa uwakilishi anaweza kuuondoa siku yoyote anayotaka. Nabwire yuko hapa. Atatia kidole chake, hati ya kuondoa itapelekwa kwa msajili leo hii, na Chrispinus atakwenda mbele ya bodi mikono mitupu. Shamba litapona. Hakuna atakayeitwa mahakamani. Hakuna atakayefungwa.

Jescah aliketi kwenye taipureta na kuipiga hati hiyo haraka kuliko alivyowahi kupiga kitu chochote. Bwana Lazarus akaisoma kwa Kiswahili, kama kawaida yake.

"Mimi, Nabwire, niliyempa mwanangu Chrispinus uwakilishi kwa hati niliyotia kidole mbele ya wakili, sasa ninauondoa uwakilishi huo..."

"Ngoja," alisema Nabwire. "Soma tena hapo mwanzo."

Akasoma tena.

"Sikumpa."

"Tunajua, mama. Ni namna ya kuandika tu."

"Mimi sijui kusoma, lakini ninasikia. Hapo unasema nilikuja hapa, nikampa, sasa nimebadilisha moyo. Sikuja. Siwezi kuondoa kitu ambacho sikuweka."

"Usipotia kidole," wakili alisema polepole, "itabidi tuseme ukweli kwa msajili na kwa polisi. Chrispinus atafungwa. Ni mwanao wa pekee. Na huyu pia anaweza kufungwa." Alimwonyesha Jescah kwa kalamu. "Na mimi ninaweza kufutwa kazi. Ninakuambia yote ili usiseme nilikuficha."

Nabwire alimhamisha Khisa kutoka goti moja hadi lingine. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa safari.

"Nilimzaa mimi," alisema. "Sipendi afungwe. Lakini nikiweka kidole hapo, nimesema yule mwanamke wa soko alikuwa mimi. Kesho atakuja na karatasi nyingine, na nyinyi mtaniambia tena ni namna ya kuandika."

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli. Jescah alitazama hati aliyoipiga, safi, haina kosa hata moja, akaelewa kwamba ule mlango nao ulikuwa umefungwa, na kwamba aliyeufunga alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Alimwonea hasira kwa muda mfupi, hasira kali ya mtu aliyeonyeshwa maji kisha yakamwagwa. Halafu hasira ikapita, hakubaki na kitu cha kushikilia.

Alichukua karatasi nyingine, akaweka kaboni, akaanza kupiga bila kuambiwa. Ilikuwa hati ya kiapo. "Mimi, Jescah Khalayi, ninaapa na kusema kwamba..." Aliandika tarehe, jina la Roda, swali aliloulizwa na jibu alilotoa. Hakuweka neno la kujitetea. Bwana Lazarus alisimama nyuma yake akisoma, na alipomaliza alisema, "Siwezi kukuapisha mimi. Nimo ndani ya jambo hili. Lazima uende kwa hakimu."

"Nitakwenda."

"Unajua ukishaapa hakuna kurudi."

"Ninajua, Bwana."

Walikwenda kwa miguu hadi mahakamani, Jescah mbele, Nabwire nyuma na mtoto, wakili pembeni ameshika faili lenye cheti chake cha uongo. Jioni hiyo hiyo askari walimkuta Chrispinus Lubao, nyumbani kwa Kiplagat. Kiplagat alisema hakujua lolote, na pengine ilikuwa kweli. Roda alishikwa wiki iliyofuata.

Chrispinus alifungwa miaka miwili. Alipopita karibu na Jescah akitoka kizimbani alimwambia, "Umefurahi?" Roda alipewa miezi sita. Jescah alikiri kosa. Hakimu alisema amejileta mwenyewe na ana mtoto mdogo, akamweka chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja badala ya kumpeleka jela. Bwana Lazarus alijiandikia barua ya kujishtaki kwa wasimamizi wa mawakili, wakamkaripia kwa maandishi, akabaki na kazi yake. Hakuweza kumrudisha Jescah ofisini, naye hakuomba. Alimpa barua ya kusema anapiga taipu vizuri. Barua hiyo haikuwa na neno lolote juu ya uaminifu, na kila mwajiri aliyeisoma aliliona pengo hilo.

Hakuwa na pa kwenda ila Navakholo. Sharti la uangalizi lilikuwa kwamba asihame bila ruhusa, na anwani aliyotoa ilikuwa ya shamba lile lile. Nabwire hakumfukuza. Alimpa nyumba ndogo iliyokuwa ya Chrispinus na jembe. Lakini kwa miezi mingi hakumsemesha moja kwa moja. Alisema na mtoto: "Khisa, mwambie mama yako maji yamekwisha." Khisa hakujua bado kusema sentensi nzima, kwa hiyo Jescah alisikia tu na kwenda mtoni. Walipalilia mistari miwili iliyo sambamba, kutwa nzima, kila mmoja akijua mahali alipo mwenzake kwa mlio wa jembe.

Mara moja tu Nabwire aliligusa jambo lile. Walikuwa wanapukuchua mahindi. "Wewe uliniambia lazima nifike mwenyewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nililala usingizi mzuri siku hiyo."

Jescah aliinamisha kichwa, na kazi ikaendelea.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata, barua ilifika kutoka gerezani. Iliandikwa kwa jina la Nabwire. Nabwire alikaa nayo siku mbili kifuani, chini ya nguo. Jumapili baada ya kanisa angeweza kumpa katekista amsomee, au mwalimu wa shule. Alikuja nayo hadi mlangoni kwa Jescah, akaketi kwenye kigogo, akamnyooshea.

"Nisomee."

Jescah alifungua bahasha. Chrispinus alimsalimu mama yake, akauliza hali ya ng'ombe na ya Khisa. Alisema kifua kinamsumbua. Kisha mwandiko ukawa mdogo na wa kukaza. Aliandika kwamba mama asimwamini yule mwanamke aliye naye nyumbani. Kwamba aliwauza wote wawili, mume na mama mkwe. Kwamba akiachwa hapo, siku moja shamba litakuwa la ukoo wake. Amfukuze kabla yeye hajatoka.

Macho ya Jescah yalifika mwisho wa mistari hiyo kabla ya mdomo. Nabwire alikuwa anamtazama usoni, mikono imekunjwa. Kulikuwa na nafasi ya kuruka, kuanzia pale kwenye habari za kifua hadi kwenye salamu za mwisho. Mama asingejua.

Alisoma kila neno. Alisoma jina lake mwenyewe na matusi yaliyolizunguka, kwa sauti ile ile aliyosomea habari za ng'ombe. Alipofika kwenye "amfukuze" alilirudia neno lile ili lisikike vizuri.

Kuku alipita kati yao, Nabwire akamfukuza kwa mguu.

"Umemaliza?"

"Bado. Kuna mistari mitatu."

"Endelea," alisema Nabwire.